Mwaka wa Shamba Moja

Walinipigia simu kuniambia kwamba Dk. Omari amefariki, na kwamba kwenye kisomo cha arobaini wangependa niseme maneno machache, kwa kuwa mimi ndiye mwanafunzi wake wa kwanza wa uzamili. Nikauliza, machache kiasi gani? Binti aliyepiga, nadhani ni mjukuu wake, akasema, "Dakika chache tu, Bibi." Nikamjibu kwamba dakika chache hazitoshi hata kueleza kwa nini nilitamani babu yake apande basi lile lile lililomleta arudi alikotoka. Akacheka, akidhani kikongwe anatania. Nikaenda, nikasema yale yanayosemwa: mwalimu mwema, mcha Mungu, mpole. Watu wakaitikia amina. Yote yalikuwa kweli isipokuwa hilo la upole. Nilirudi nyumbani nikijilaumu, maana mtu niliyemsifia pale mkekani si yule niliyemfahamu Usambara, na yule wa Usambara ndiye ninayemlilia mpaka leo.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuamini haraka, wala sitaki kuombewa nibadilike. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa kushuku. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila kitu kimeachiwa. Mitumba ilikuwa imefurika soko la Lushoto hadi wazee wenye heshima zao wakawa wanatembea na makoti ya kike yenye vifungo vya dhahabu, na nani awaambie, kukiwa na baridi kama ile? Malori ya watu binafsi yalipanda kutoka Mombo kufuata kabichi na matunda, yakishindana kupiga honi kwenye kona. Shamba la chai la umma lililokuwa ng'ambo ya bonde letu lilikuwa linatafutiwa mnunuzi, na hakuna aliyejua mnunuzi huyo ni nani, anatoka wapi, na akifika atataka kumeza nini kingine. Walimu wa chuo kikuu nao walipata ruksa yao. Msimamizi wangu wa kwanza, aliyenipokea vizuri na kunipangia utafiti, aliitwa na mradi wa wafadhili, akapewa Landkruza na ofisi yenye zulia, akaniacha kwenye mataa. Hata kuaga hakuaga.

Mimi wakati huo niko kijijini Kwekibuyu, juu ya Lushoto, kwenye ukingo ule ambao ukungu ukifunguka asubuhi unaiona nyika yote chini imelala na joto lake wakati wewe huku juu umevaa sweta mbili. Nilikuwa nachunguza jinsi familia za wakulima wa mboga zinavyotumia ardhi yao. Nilikuwa nimekwishazunguka nyumba zote nilizopaswa kuzunguka, kwenye matope na mvua ile ya milimani isiyojua kukoma, nikiuliza na kuandika. Kilichobaki ni msimamizi asome, aridhike, atie sahihi. Bila sahihi hiyo kabla muhula haujaisha, nilikuwa nimedisko, kama tulivyosema wanafunzi: unafungasha sanduku, unarudi kwenu Songea, na nafasi yako anapewa mwingine. Kwa msichana wa miaka yale, masomo yakikatika hivyo hayaungwi tena. Wangenitafutia mume kabla sijafungua sanduku.

Nilipopata habari kwamba nimepewa msimamizi mpya nilifurahi kama mtoto. Nilitarajia afanye walivyofanya wote: aje na gari la chuo, alale siku moja gesti ya Lushoto mjini, apige picha na mkulima mmoja mwenye kabichi kubwa, arudi zake. Dk. Omari alishuka kwenye basi na begi la turubai, mwavuli mweusi na godoro. Godoro, jamani! Lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba ya katani, na utingo alilitupa kutoka kwenye keria kwa hasira. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mweusi wa kung'aa, na kofia ya mkono ikimbana kichwa. Jina lake halikuniambia lolote. Omari anaweza kutoka Kigoma, anaweza kutoka Kilwa. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Wewe ndiye Komba?"

"Ndiye mimi. Karibu sana Usambara. Daktari utakaa siku ngapi?"

"Nitakaa mpaka nitosheke," akasema, akalibeba godoro lake mwenyewe kichwani, akapanda mlima bila kunisubiri nimwoneshe njia. Nikabaki pale stendi nikijiuliza, atosheke na nini?

Alipewa chumba kwenye nyumba ya mwalimu mkuu, lakini chakula akala kwetu, yaani kwa Mama Zaina, mjane niliyepanga chumba kwake. Mama Zaina alikuwa na bustani ya karoti na vitunguu, ulimi usiolala, na jiko la nje lililoezuliwa upande mmoja, ambalo moshi wake ulipita huko huko tulikokaa. Hapo ndipo maisha yote ya nyumba ile yalipofanyika. Makande yalianza kuchemka mapema, mahindi na maharage yakigongana sufuriani, na majirani wa kike walipita mmoja mmoja kuomba moto, chumvi, habari. Mbele yangu walisalimia kwa Kiswahili, kisha wakahamia Kishambaa chao na kuniacha nje. Niliyajua maneno ya kuanzia tu, hongea nikipewa kitu, onga makeo nikipita asubuhi, na wao walipenda kunisikia nikiyasema vibaya. Ndani ya wiki ya kwanza Mama Zaina alikuwa na hukumu yake tayari.

"Mwanangu," akaniambia huku akimenya kitunguu, "mwalimu gani anamfuata mwanafunzi milimani na godoro? Mwanaume huyo anatafuta nini?"

"Sijui, Mama."

"Hujui? Basi mimi najua. Usiku weka gogo nyuma ya mlango."

Niliweka gogo. Nililiweka miezi, na kila asubuhi nililisogeza kwa taabu nikitoka kwenda msalani. Tulikuwa tunazijua hadithi za chuo, nani alifaulu kwa nini na nani alifeli kwa kukataa. Lakini Dk. Omari hakunitazama hata mara moja kwa jicho la namna hiyo. Alinitazama kama mtu anayetazama noti na kuinyanyua kwenye mwanga. Na hilo, badala ya kunituliza, likanizidishia mashaka. Asiyetaka hicho, anataka nini basi?

Alikula polepole, macho chini, wanawake wakipiga soga zao kwa Kishambaa juu ya kichwa chake. Hakuuliza wanasema nini. Mimi nilikuwa naudhika nikiachwa nje ya mazungumzo. Yeye alitafuna makande yake kama mtu anayesikiliza redio. Akimaliza anashukuru kwa Kiswahili kilichonyooka, ananawa, ananigeukia: "Komba, lete zile hojaji." Nami namletea, kwa moyo mzito, maana zilikuwa jasho langu lote. Alizisoma moja moja mezani, kwenye mwanga wa dirisha. Kisha maswali yake yakaanza, maswali ambayo sikuwahi kuyasikia kwa msimamizi yeyote.

"Siku uliyokwenda kwa Mzee Hoza, ulikaa wapi?"

"Kwenye kigoda, barazani."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mke wake alikuwa anapukuchua mahindi."

"Walikupa nini?"

"Chai ya mchaichai. Na muhogo."

"Muhogo wa kuchemsha au wa kuchoma?"

Nikakasirika. "Daktari, muhogo unahusiana nini na matumizi ya ardhi?"

"Wa kuchemsha au wa kuchoma?"

"Wa kuchemsha!"

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda kwenye hojaji inayofuata. Siku nyingine akaniuliza mbwa wa nyumba fulani ana rangi gani. Siku nyingine akataka kujua ni mlango upi unatazama bondeni. Nilirudi chumbani nikayapanga mambo haya kichwani na kupata jibu moja tu: huyu mtu anajifunza kijiji changu. Anataka aweze kusema amefika kila nyumba bila kukanyaga hata moja. Wenzake walikuwa wanaandika taarifa za mradi kwa jasho la wanafunzi na kuziuza kwa majina yao, tulikuwa tunawajua. Na shamba la chai likiwa linauzwa ng'ambo pale, nani angelipa vizuri zaidi kwa maelezo ya ardhi ya jirani kuliko mnunuzi? Nilianza kuzifungia hojaji sandukuni na ufunguo kuuning'iniza shingoni. Akizitaka nampa chache, naketi papo hapo mpaka amalize, nazirudisha mwenyewe. Aliona, akaendelea kusoma.

Nimesimamia wanafunzi wengi tangu hapo, na huwa nawaambia kwamba dalili za mwizi na dalili za askari ni zile zile: wote wawili wanatembea kimya, wote wanatazama milango. Wanacheka. Mimi nilikuwa sicheki, maana kila alasiri mtu wangu alichukua mwavuli wake na kutoweka. Nikimuuliza anakwenda wapi, anasema, "Kunyoosha miguu." Mama Zaina, ambaye macho yake yalifika mbali kuliko miguu yake, aliniletea taarifa: ameonekana amesimama pale njia inapoteremkia nyika, peke yake, anatazama wanaopita. Ameonekana tena pale pale. Kisha ikaja ile iliyonikata maini: ameonekana kwenye geti la shamba la chai, anazungumza na mgeni mwenye gari.

"Mgeni gani?" nikauliza.

"Mwenye tai," akasema Mama Zaina, na kwa jinsi alivyolitamka neno tai ungedhani mtu yule alikuwa amevaa nyoka.

Jioni ile nilimkabili hapo hapo jikoni. Nilikuwa na hasira na woga, kwa sababu mtu huyo alikuwa ameshika maisha yangu na kalamu yake, na nilijua nikimuudhi nimekwisha. Nikasema, "Daktari, naomba kujua. Utafiti huu ni wangu, au tuko wengi?"

Akaweka kijiko chini. Akanitazama kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Na mimi ndicho ninachotaka kujua," akasema. "Nyumba zote hizi, Komba. Unauliza una mashamba mangapi, wanajibu moja. Tajiri moja, maskini moja. Kijiji kizima cha milimani hakuna mwenye mashamba mawili. Hujaona ajabu?"

"Ndivyo walivyoniambia."

"Nimesikia."

"Sasa Daktari ulitaka niandike nini? Uongo?"

"Sikutaka lolote," akasema, akachukua kijiko chake. Majirani wakageukia moto, na Mama Zaina akawa anakoroga sufuria iliyokwisha korogeka. Nilikwenda kulala na njaa. Nililia kwa uchungu, tena niliapa kwamba kama mtu huyu ananinyima sahihi nitamshtaki mpaka kwa mkuu wa chuo, nitasema yote, godoro, geti na tai. Muhula ulikuwa unayoyoma, naye kila nikigusia sahihi alijibu, "Bado."

Kisha Mzee Athumani akafa. Alikuwa kaka mkubwa wa Mzee Hoza, mzee aliyepinda mgongo na kukohoa kabla ya kila sentensi. Naye nilikuwa nimemhoji, naye aliniambia shamba moja. Akifa mtu Kwekibuyu hakuna anayeshika jembe isipokuwa la kuchimbia kaburi. Wanawake tulikaa mikekani upande wa migomba, wanaume upande wa barabara, na kaburi lilikuwa linachimbwa juu kidogo, kila mtu akiliona. Ukungu ulikuwa umeshuka na kupanda. Dk. Omari alifika na kanzu nyeupe, akapeana mikono na wafiwa, akakaa kwa adabu kabisa. Nilimtazama kwa pembe ya jicho nikisema moyoni, hata msibani amekuja kukagua.

Ghafla akainuka. Akaenda moja kwa moja barazani, akachukua bakora ya marehemu iliyoegemezwa ukutani, akachukua na kofia yake, akaivaa juu ya ile yake. Akapinda mgongo. Akakohoa, kikohozi kile kile cha Mzee Athumani, hadi mama mmoja karibu yangu akashika kifua. Kisha akapanda kwa kujikokota mpaka kaburini, akawafukuza wachimbaji kwa bakora, akakaa juu ya udongo na kukunja miguu. Ee Mungu wangu, nikasema, msimamizi wangu amerukwa na akili. Niliona aibu hadi nikafunika uso kwa kanga. Nilikuwa nangoja kelele, nangoja apigwe. Badala yake nikasikia kicheko kikipasuka upande wa wanaume, na Mama Zaina pembeni yangu akapiga kofi paja lake.

"Kumbe Mzigua!" akapaza sauti. "Loo! Mzigua mwizi, amekula makande yangu miezi yote hii kajinyamazia!"

"Mama, kuna nini?"

"Watani wetu hao, mwanangu. Wazigua na sisi ni watani toka mababu. Msiba bila mtani hauna chumvi. Na Kishambaa anakisikia chote, shetani huyu! Kizigua na Kishambaa ni ndugu. Ee, yote niliyoyasema!" Akajifunika uso na kanga yake, akicheka na kuona haya kwa pamoja. Mimi sikucheka. Nilikuwa nayakumbuka mazungumzo yote ya pale jikoni na kuona jinsi mtu yule alivyokuwa akiyakusanya.

Kule juu Dk. Omari alikuwa ameanza kuhutubia kwa Kizigua, na Mama Zaina akawa ananitafsiria sikioni, akikatizwa na kicheko chake mwenyewe. "Anasema: Mimi Athumani nizikeni upesi, mimi ni maskini, nina shamba moja tu! Anasema: Mtoto wa watu alipanda mlima kuja kuniuliza, nikamwambia moja! Lile la nyika si langu, ni la nyani! Lile la bondeni lenye miwa ni la majini! Anasema: Na malaika wakija kuniuliza kaburini, nao nitawaambia moja!" Watu walikuwa wanajishika mbavu. Hata watoto wa marehemu walikuwa wanacheka huku machozi ya msiba yakiwatiririka. Mtani hajibiwi kwa hasira, ndiyo sheria yake, na asiye mtani angethubutu kusema neno moja kati ya yale angeondoka pale bila meno.

Mzee Hoza alisimama chini ya kaburi, akimtazama. "Toka hapo, mtumwa wetu," akasema, safari hii kwa Kiswahili, labda ili wote tusikie. "Unataka tukupe nini utoke tumzike ndugu yetu? Kuku?"

"Sitaki kuku," akajibu Dk. Omari, bado na sauti ya marehemu. "Nataka mmoja wenu aniambie nikiwa bado sijafukiwa. Yule binti alikuja kweli kuwauliza, au alijaza mwenyewe?"

Kicheko kikapungua. Watu wakageuka kunitazama mkekani pangu. Hapo ndipo nilipoelewa. Mbwa ana rangi gani, muhogo wa kuchemsha au wa kuchoma. Miezi yote ile nikimshuku yeye, mshukiwa nilikuwa mimi.

Mzee Hoza alikohoa kidogo. "Alikuja," akasema. "Alikuja nyumba kwa nyumba, na mvua hii. Aliuliza vizuri tu, kwa heshima. Sisi ndio tuliokubaliana Ijumaa baada ya swala kwamba tumwambie moja, wote, asitoke mtu. Tulijua ametumwa na hao wanaonunua chai, wanapima ardhi za kuongeza. Atakayesema anayo mengi ndiye atakayenyang'anywa. Haya, umesikia. Toka, Mzigua, tumzike kaka yangu."

Dk. Omari akatoka. Akarudisha bakora na kofia mahali pake. Na jeneza lilipoletwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka bega, na nilimwona akilia wazi wazi, kama aliyefiwa na ndugu wa damu. Hivyo ndivyo mtani anavyopaswa. Mimi nilikaa pale nikiwa sijui nimwombee marehemu au nimlaani aliyembeba.

Nilimvizia njiani wakati wa kurudi. Sikumwamkia, sikumwita Daktari. Nikamwambia, "Ulinifanya mwizi."

Akasimama, mwavuli umekunjwa mkononi. Akanieleza bila kupamba. Mwanafunzi aliyenitangulia chini ya yule msimamizi wa Landkruza alipika data zote. Alijifungia gesti mjini, akajaza hojaji kitandani huku anakula chipsi, akapewa shahada, kisha ikagundulika. Idara iliona aibu. Muhtasari niliowatumia ulipofika ukionesha nyumba zote zinafanana, wakasema huyu naye ni yule yule, afutwe. Yeye aliomba aje kwanza aone kwa macho yake. Njia ya nyika alikuwa anatazama nani anashuka na jembe na nani anapanda na mahindi. Yule mwenye tai alikuwa karani wa shamba, na Dk. Omari alimuuliza kama kuna binti yeyote aliyetumwa na wanunuzi, kama kijiji kilivyoshuku.

"Kwa nini hukuniuliza mimi mwenyewe?"

"Nikuulize nini? Umepika? Ungesema hapana. Mwongo na mkweli wanajibu neno moja."

"Ulikula na mimi sahani moja miezi yote hiyo, unanishuku!"

"Na wewe ulikula na mimi umevaa ufunguo shingoni," akasema. "Na gogo nasikia ni zito."

Nilitamani ardhi inimeze, maana kumbe Mama Zaina alikuwa amewasimulia majirani ya gogo kwa Kishambaa. Lakini hasira ilikuwa bado ina nguvu kuliko aibu. Nikamuuliza kwa sauti kali sana kama sasa atatia sahihi.

"Nitaandika kwamba hukupika. Hawatakufuta, nitawaomba wakuongezee muda, na nitakaa. Sahihi, hapana. Nitie sahihi kwenye nini, Komba? Kijiji kizima kimekudanganya. Kazi hii ni safi, na ni uongo kutoka mwanzo hadi mwisho. Utaanza upya."

Kuanza upya. Milima ile yote, matope yale yote. Niliketi kwenye jiwe kando ya njia nikalia kwa sauti, na yeye alisimama pembeni akitazama bonde, hakuniambia nyamaza wala pole. Nimewahi kufikiria mara nyingi kwamba mwalimu mwingine, mwenye huruma, angetia sahihi. Ningepata shahada yangu mwaka ule ule, nami ningeitundika ukutani shahada ya kijiji kisichokuwepo. Lakini siku ile sikuwaza hivyo hata kidogo. Siku ile nilimchukia.

Matanga yalipokwisha tulianza kwa Mzee Hoza. Mama Zaina alikuwa amekwishatangaza kisimani na sokoni kwamba binti wa Songea hajatumwa na mtu, kwamba na yeye ni mshukiwa kama sisi. Mzee alitukaribisha ndani safari hii, siyo barazani. Chumba chenye giza la kupendeza, harufu ya ndizi zinazoivia chini ya kitanda, na mkewe akitugawia chai. Dk. Omari aliketi kwenye gunia la viazi, nyuma, kama hayupo. Nikafungua hojaji mpya. Nikaanza salamu zangu, nikaeleza upya ninachotafuta na nani atakisoma. Mzee alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Nitakujibu. Lakini mimi umeniuliza mara ya kwanza, sasa unaniuliza ya pili, na mimi sijakuuliza kitu. Kwanza uniambie wewe. Huko kwenu Songea, baba yako ana mashamba mangapi?"

Nilifungua mdomo. Nikaona la mahindi, na la mpunga kule mtoni, na lile la kahawa ambalo baba alikuwa hataki shangazi walijue, na nikamwona mtu mzima huyu nisiyemjua ukoo wake, akinisubiri na kikombe mkononi. Mambo ya baba yangu yanamhusu nini?

"Moja," nikasema.

Nyuma yangu nikasikia gunia la viazi linatikisika, Dk. Omari alikuwa anacheka, na sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Mzee Hoza yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini, akasogeza kigoda chake karibu na changu mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, kama mtu aliyeridhika na mwenzake.

"Haya," akasema, "sasa tuzungumze. Andika: matatu. Lipo na la nne, lakini hilo mke wangu asilisikie."